Mold Star 15 na Smooth-Cast 305 kwa matairi ya modeli: jozi nzuri kwa Mtwara, ila chunga unyevu na salfa

Kwa anayeunda modeli za magari ya mashindano hapa Mtwara na anataka kujimiminia matairi, jozi ninayoipendekeza ni silikoni ya Mold Star 15 SLOW kwa kalibu na resini ya Smooth-Cast 305, plastiki ya majimaji inayoganda, kwa tairi lenyewe. Zote ni za Smooth-On ya Marekani. Nasema 305, si 300 inayotajwa na wengi, na sababu ni joto letu. Lebo ya 300 inakupa dakika 3 za kumimina na 10 za kuganda. Ya 305 inakupa dakika 7 za kumimina na nusu saa ya kuganda. Namba hizo ni za nyuzi 23. Chumba cha bati kisicho na dari pale Chikongola, saa nane mchana, kinapita 30 bila taabu, na 300 huanza kuwa nzito kikombeni ukiwa bado kwenye tairi la pili.

Faida ya tairi gumu la resini ni ya muda mrefu. Matairi laini ya vinili kwenye seti nyingi za zamani hutoa kilainishi kinachokula plastiki ya rimu, na baada ya miaka rimu inanata na kubonyea palipogusana na tairi. Resini iliyoganda haina tabia hiyo, inapigwa msasa na inashika rangi.

Tuchukue gari la Formula 1 la 2022 hadi 2025 kwa kipimo cha 1/20. Tairi halisi lina kipenyo cha milimita 720, upana 305 mbele na 405 nyuma, rimu ya inchi 18. Kwenye modeli unapata kipenyo cha milimita 36, upana wa 15 na robo mbele, 20 na robo nyuma. Tairi la mbele linakula mililita 9 hivi, la nyuma 12. Manne ni kama gramu 45. Changanya 50, kwa sababu nyingine hubaki kikombeni.

Tairi mama, yaani lile la mfano linalomiminiwa silikoni ili kupata kalibu, ndiyo kazi yenyewe. Fundi anayejua kukereza mpingo anaweza kukutolea duara safi kuliko plastiki ya kuchonga kwa mkono, maana mpingo ni mti mgumu na mfereji mwembamba unabaki na kingo zake. Ukishalainisha kwa msasa namba 600, lipake vanishi ya akriliki mara mbili na uache likauke kabisa. Usitumie tairi la mpira kama mama bila kulifunika. Mpira huo una salfa, na Mold Star ni silikoni ya platinamu: ikigusa salfa haigandi, inabaki utelezi wa kunata ambao hautoki hata ukisubiri wiki.

Na hapa kwetu salfa haipo kwenye mpira tu. Msimu wa kupulizia mikorosho, mifuko ya salfa ya unga hulala stoo moja na kila kitu, na vumbi lake hufika hadi kwenye vikombe. Silikoni ikae ndani, vikombe vifunikwe, na aliyetoka kupulizia anawe na abadili nguo kabla ya kushika chochote. Glavu za mpira za duka la dawa nazo zina shida hiyohiyo. Tafuta za naitraili.

Laza tairi mama kwenye kigae, upande wa ndani ukiwa chini, ulishike kwa tone la gundi. Zungushia kipande cha bomba la plastiki kinachoacha sentimita 1 kila upande, na uzibe chini kwa gundi ya moto. Silikoni, kama resini, huja kwa chupa mbili za kuchanganya, A na B: hapa ni A moja kwa B moja. Kalibu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja zinataka mililita 115 hivi. Mimina kwa uzi mwembamba pembeni, iache ipande yenyewe juu ya tairi. Una dakika 50, hakuna haraka. Baada ya saa 4 toa. Ulaini wake unaachia mbavu za tairi zilizovimba bila kuchanika, na hapo ndipo naipenda kweli. Ulaini huohuo una gharama: ukiifunga kalibu kwa raba inabanwa na tairi linatoka umbo la yai. Iache ikae huru kwenye kigae.

Resini ndiyo yenye visirani. Tikisa B kwanza. Kwa uzito ni A 100 kwa B 90, yaani gramu 26.3 na 23.7, kwa mizani inayosoma desimali moja. Kwa ujazo ni nusu kwa nusu, na mabomba ya sindano yanatosha. Upande A ukikutana na maji hutoa gesi, tairi linajaa mapovu kama andazi. Kwa hiyo koroga kwa kijiko cha chuma kikavu ndani ya kikombe cha plastiki. Kijiti cha mbao na kikombe cha karatasi vina unyevu wake. Usiweke chupa kwenye friji ili kupata muda: ukiifungua ingali baridi inavuta mvuke wa hewa. Mimina alfajiri, ikiwezekana siku za Juni hadi Septemba.

Nyunyiza poda ya mtoto ndani ya kalibu, igonge itoke, kisha jaza nusu, pitisha kijiti cha meno kwenye mifereji, malizia. Kwa sababu tairi ni dogo, joto la kuganda ni kidogo. Lipe saa nzima, si nusu. Ukilitoa mapema linajipinda polepole mezani.

Rangi asili ni nyeupe. Tone la rangi nyeusi ya resini linaleta kijivu cha makaa, na hicho ndicho kinachofanana na tairi lililokimbia.

Anayetengeneza gari moja kwa mwaka asinunue chupa hizi. A ikishafunguliwa haivumilii masika ya kwetu. Atumie epoksi ya mafundi wa meza, asubiri siku nzima, akubali viputo vichache.