Subaru STI za GDB na GRB nimeziendesha zote, fundi ndo kaniharibia hesabu

Watu mnaniuliza Subaru Impreza STI, ile toleo la kasi, ipi kali, GDB (umbo la zamani) au GRB (umbo lililofuata) hachibeki, yaani yenye mlango mkubwa nyuma badala ya buti. Yoyote ile, ila usiipeleke kwa fundi aliyenifanyia mimi hapa Mtwara, jina silitaji, anajijua.

GDB ni yangu, GRB ni ya shemeji yangu wa Lindi, akija huku tunabadilishana funguo. Sasa msimu wa korosho uliopita yangu ikaanza kugonga mbele, ko ko ko kila tuta, asubuhi ndo usiseme. Anayezijua hizi gari anajua shokapu zake zimegeuzwa juu chini, mwili wa shokapu ndo unateleza ndani ya bomba la nje, grisi ikikauka lazima zigonge. Unafungua, unapaka grisi, unafunga, kwisha habari. Jamaa hata jeki hajapiga, kabonyeza boneti mara moja, "bosi hizi zimekufa". Nikamweleza habari ya grisi taratibu tu kwa heshima, akawageukia vijana wake wakacheka, "mjomba Subaru ni Subaru tu, kama unajua sana si ungetengeneza nyumbani kwako". Mbele za watu! Nikameza, nikaenda zangu kuswali, narudi nakuta kashafunga shokapu za mtumba za Impreza ya kawaida, zangu za asili ziko kwenye kiroba na vyuma chakavu vya kupima kilo, halafu anadai laki nne. Laki nne!

Hapo nikaichukia na gari yenyewe. Kona za Mikindani pale inaelea kama dau. Nikaanza kumwelewa shemeji anavyojisifu, maana GRB nyuma waliacha strati (shokapu ndo inashikilia tairi kwa juu) wakaweka wishiboni mbili (mikono miwili, juu na chini), gari ikilala kwenye kona tairi linabaki limekaa flati kwenye lami, mashimo inayameza vizuri mno. Na kila siku ananitajia Nürburgring, uwanja wa mbio za magari kule Ujerumani, kwamba mwaka 2010 Tommi Mäkinen alizunguka na STI kwa dakika 7 na sekunde 55 (Mäkinen huyo huyo aliyebeba ubingwa wa dunia wa rali mara 4 akiwa na Mitsubishi, haya). Nikasema basi, GRB kiboko, yangu nauza.

Ila shemeji naye kuna kitu anakirukaga. Ile ya dakika 7 ilikuwa sedani, iliyokuja baada ya Subaru kukaza springi na bushi (raba za maungio ya chini) kwa sababu hachibeki za mwanzo kama yake watu walizilalamikia ni laini, zinalala sana. Na ni kweli zinalala, nimeendesha, unakata kona unaisubiri gari imalize kuinama ndo ikufuate. Halafu muda wa mzunguko wa nini huku, Mikindani mpaka Mnazi Mmoja ya Lindi muda wako anakupangia trafiki na tochi yake.

Nikazichukua shokapu zangu kwenye kile kiroba, kijana mmoja Lindi kazisafisha, kapaka grisi, kafunga. Kimya. Usukani unaongea na barabara tena, sasa hivi hata unipe GRB na hela juu sitaki. Labda kwa safari ya Dar na familia, hapo sawa, mgongo ni mgongo.

Na wewe fundi, nati zangu mbili za tairi la mbele kushoto hujanirudishia, nazijia.