Kutoka Garrett ACE 250 mpaka Nokta Simplex+: kabla hujanunua detekta Mbeya, pima kwanza udongo wako

Mi ni fundi redio, meza yangu ipo Mwanjelwa, na Jumapili mchana nikitoka kanisani nachukua detekta, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, naondoka. Sina duara (shimo la dhahabu) Chunya na sitafuti utajiri, napenda tu ile sekunde detekta inalia, unapiga magoti, unachimba taratibu afu unatoa kitu ambacho mtu alikidondosha kabla baba yako hajazaliwa. Miaka minne nilikua natumia Garrett ACE 250 niliyouziwa mkononi, mwaka huu nimehamia Nokta Simplex+, na kwa vile kila wiki kuna mtu anakuja mezani kuniuliza anunue ipi kwa hela ndogo aliyonayo, nimeona niandike yote niliyoyaona.

Nianze na ACE 250 maana ndo iliyonifundisha. Ni nyepesi, inakula betri nne za AA, ina ule mlio wa kengele ikipata shaba au fedha, hata mtoto wa darasa la nne anaielewa siku moja. Kule Usangu kwenye mchanga niliifurahia sana. Shida ilianza nilipoipeleka nyumbani upande wa Tukuyu. Kule udongo ni wa volkano, mlima Rungwe wenyewe ni volkano na mawe yake meusi yana chuma ndani, sasa ACE 250 inafanya kazi kwa kilohezi 6.5, hayo ndo masafa ya mawimbi inayotuma chini, na haina sehemu ya wewe kubalansi udongo, imeshapangwa kiwandani basi. Ukiiwasha kule inalia yenyewe bila kitu chochote chini, ukipunguza sensitiviti inatulia kweli lakini haishuki tena, kitu kikizidi urefu wa kiberiti kusimama tayari kimekupita.

Kwa asiyejua, detekta za aina hii koili yake, ile sahani ya chini, inatuma sumaku inayobadilika badilika chini, ile sumaku ikigusa kipande cha metali inazalisha umeme mdogo ndani yake, na ule umeme nao unatoa sumaku yake kurudi juu ambako koili inasikiliza. Hapo ndo mashine inajua kuna kitu na inakadiria ni kitu gani. Tatizo ni kwamba udongo wenye chuma nao unajibu, tena unajibu kwa nguvu kuliko sarafu iliyolala sentimita 15. Ni kama kumsikiliza mtu anaongea nawe stendi ya Kabwe saa mbili asubuhi makonda wote wanaita abiria. Kubalansi udongo ni kuifundisha mashine kwamba sauti hii ni ya udongo, iache, nisikilizishe kingine.

Kwa hio kabla hujaniuliza bei, fanya hivi. Tafuta sumaku ya spika mbovu, mafundi tunazo nyingi tunawapa bure, ifunge ndani ya karatasi, afu ikokote kwenye udongo mkavu wa pale unapotaka kutafuta, kama mita mbili hivi. Igeuze uangalie. Mi nilifanya Usangu karatasi ikatoka na vumbi jeusi kidogo sana, nikafanya kwetu Tukuyu ikatoka na ndevu, kabisa ndevu nyeusi zimesimama kama za mbuzi. Kama yako imetoka na ndevu, detekta isiyo na sehemu ya kubalansi usiinunue hata kama imeshuka bei nusu. Hicho kipimo cha bure kingeniokolea miaka miwili ya kuchimba mashimo matupu.

Nilikua na bajeti ya kama milioni moja, na nililinganisha kadhaa. ACE 300 na 400 za Garrett ni nzuri zaidi ya 250, zina namba kwenye skrini za kukadiria ni kitu gani, ila nazo hazina kubalansi udongo, nikaziacha. Minelab Vanquish 440 ilinivutia sana kwa sababu inatumia masafa mengi kwa wakati mmoja na hio inasaidia mno kwenye maji ya chumvi, ukiwa Dar au Bagamoyo ningekwambia chukua hio usifikirie mara mbili. Lakini koili yake tu ndo inaingia majini, boksi la juu haliingii, na kubalansi kwa mkono nayo haina. Equinox, ya Minelab pia, ina kila kitu ila bei yake sikuiweza. Sasa mi bahari yangu ni Ziwa Nyasa, maji baridi yasiyo na chumvi, kwa hio ile faida kubwa ya masafa mengi kwangu ilikua ndogo, na nikaona bora hela yangu iende kwenye mashine inayobalansi na inayozama nzima.

Simplex+ ndo hio. Imetengenezwa Uturuki, ilitoka 2019, ni masafa mamoja ya kilohezi 12, koili ya inchi 11, kilo 1.3, na mashine nzima inaingia majini mpaka mita 3. Zimeshatoka nyingine za jina hilo baada yake, mi naongelea hii nilionayo. Ilinifikia Mbeya kwa laki tisa na themanini ukijumlisha usafiri na kodi, na naomba hapo uwe makini, bei unayoiona kwenye simu sio bei ya mlangoni, VAT peke yake ni asilimia 18.

Kabla ya hapo nilishaumia mara moja. Kuna muuzaji alinitumia detekta ya rangi ya njano ikiwa na picha ya kilindi cha mita tatu kwenye boksi, nilipoifungua ndani nikakuta sakiti ya transista chache ambayo ningeiunga mwenyewe kwa siku moja, na sarafu ya shilingi 100 iliisikia nikiigusisha kabisa na koili. Hela haikurudi. Hakuna detekta ya sarafu ya bei hii inayosikia sarafu moja mita tatu chini, sentimita 20 mpaka 25 kwenye udongo mzuri ni kazi nzuri sana, anayekwambia zaidi ya hapo anakuuzia boksi. Na wale wenye antena mbili wanaokuja kuwaambia wazee wetu kwamba inaelekeza kwenye mali ya Mjerumani au zebaki nyekundu kilomita moja mbele, jamani, nimefungua moja kwa mikono yangu, ndani hamna hata waya umeungwa. Uingereza mwaka 2013 mtu aliyekua anauza vifaa vya namna hio akisema vinagundua mabomu alifungwa miaka 10. Watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya zile antena. Inaniuma kila nikiona.

Siku ya kwanza Simplex+ nilienda nayo uwanja wa zamani wa mpira kijijini kwetu, uwanja ambao ACE ilikua inapiga kelele mpaka naona aibu kwa watoto wanaonizunguka. Nikamkuta mzee jirani ameketi kwenye gogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umerudi na chuma chako?"

"Nimekuja na kingine mzee. Naomba tena ruhusa, mashimo nitafukia."

"Ulifukia mara ya kwanza, fanya tu. Upande ule wa mikaratusi ndo kulikua na gulio zamani, akina mama walikua wanapanga ndizi pale."

Kubalansi kwenyewe ni rahisi, unashikilia kitufe afu unapandisha na kushusha koili taratibu, kutoka kama shubiri moja juu mpaka karibu na ardhi, inapiga mlio kuonesha imekubali na namba inakuja kwenye skrini. Kwetu ilikuja themanini na kitu. Nikaachia kitufe. Kimya. Mi nimekaa na ule udongo miaka minne sijawahi kusikia kimya chake, nilisimama pale nikazungusha koili kushoto kulia kama dakika nzima nasikiliza tu kimya.

Kama nusu saa hivi nikapata mlio wa juu, mwembamba, unajirudia pande zote mbili, ukizunguka robo duara bado uko pale pale. Huo ndo wa kuchimba. Mlio unaosikika upande mmoja ukigeuka unapotea mara nyingi ni msumari wa bati. Nilikata kipande cha nyasi nikakigeuza kama kifuniko, nikashuka karibu shubiri nzima, nikatoa senti kumi ya tundu. Nilipoisugua kwa kidole udongo ukatoka kwanza kwenye tundu, afu zikaonekana zile pembe mbili za tembo zimezunguka tundu, afu mwaka, 1936, afu maandishi EDWARDVS VIII. Huyu mfalme Edward wa nane aliachia kiti Desemba mwaka huo huo wa 1936 hata hajavikwa taji, lakini senti zenye jina lake zilishatengenezwa zikaja mpaka Afrika Mashariki, na moja ikaanguka kwetu chini ya mikaratusi labda mama mmoja akirudisha chenji ya ndizi. Mzee aliishika muda mrefu. Akasema hizi walikua wanazitunga kwenye kamba zisipotee. Kwa hela haina thamani kubwa, lakini ACE ilishapita pale pale zaidi ya mara tano.

Matema, kwenye Ziwa Nyasa, nilienda baada ya Pasaka, kule watu wa Mbeya na Kyela tunajaa ufukweni na vitu vinapotea. Mchanga wa pale kwa macho ni safi ila una mistari myeusi ambayo sumaku inaipenda, kwa hio kila nikihama mstari nilikua nabalansi upya, ukisahau inaanza kulia. Niliingia mpaka kifuani. Hapa mtetemo wa mkononi ndo mkombozi, maana hedifoni zisizo na waya chini ya maji hazishiki, unasikia mkono unatetemeka unajua kuna kitu. Nilitoa visoda vingi, shilingi mia mia, ndoano mbili, na pete moja ya ndoa ya fedha. Nikaipeleka pale tulipofikia nikaacha neno kwamba mwenye pete aseme kilichoandikwa ndani. Jioni akaja mama mmoja akataja herufi zote mbili na mwaka, akashika mikono yangu miwili anasema ndaga fijo, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, anarudia tu.

Sasa mapungufu. Visoda. Kwa mashine ya masafa mamoja kisoda cha soda kilichopata kutu kinaweza kukudanganya kwamba ni sarafu, na Simplex+ haijaepuka hilo, siku moja uwanjani nilitoa 34. Koili ya inchi 11 ni kubwa, penye taka nyingi inasikia vitu viwili vitatu kwa pamoja na namba zinaruka ruka, kwa hio ukipata hela ya ziada nunua koili ndogo kabla ya kitu kingine chochote. Nyongeza ya pili ni pinipointa, ile ya mkononi ya kutafutia ndani ya shimo, bila hio unachimba shimo la sufuria kutafuta kitu cha ukubwa wa kifungo. Na sarafu zetu mpya usizitegemee, ile ya 500 ya 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, ukiiambia mashine ichuje chuma nayo inaweza kuondoka humo humo.

Na kwa ndugu zangu wa Chunya na Makongolosi, hii sio yenu. Punje ndogo za dhahabu zinataka masafa ya juu, kuna mashine kama Gold Monster 1000 inayofanya kazi kilohezi 45, na kwenye udongo mkali zaidi watu wanatumia zile za palsi, zinazotuma sumaku kwa mapigo, ambazo ni mamilioni kwa mamilioni na hazichuji misumari vizuri. Kilohezi 12 itasikia kipande kikubwa kikiwa karibu, punje za kupima kwenye mizani ndogo utaziacha chini. Na dhahabu ina leseni yake, usiniambie ulifuata ushauri wangu ukaingia kwenye eneo la mtu.

Suala la ruhusa mi nalichukulia kwa uzito. Mwenye shamba kwanza, mwenyekiti wa kijiji, shuleni mwalimu mkuu. Iringa nina rafiki alitaka twende Kalenga na Lugalo, Lugalo ndo pale ambapo Wahehe waliwapiga Wajerumani 17 Agosti 1891 na kamanda wao Zelewski akafia hapo, nilimkatalia kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na kuchimba kutafuta vitu vya kale kunataka leseni, na hata bila sheria, yale ni makaburi ya watu. Viwanja vya mpira, magulio ya zamani na ufukwe vinatosha maisha yangu yote.

ACE 250 sijaiuza. Kijana wangu wa darasa la sita ndo anatembea nayo, Usangu inamfaa vizuri. Mvua zikianza turudi wote pale kwa mzee, udongo ukilowa vitu vya chini vinasikika vizuri zaidi, na kuna upande wa pili wa mikaratusi ambao bado sijaugusa, mzee anasema huko ndo walikua wanakaa wauza chumvi.