TAHADHARI wana Cardiff na Newport: huyu mtoga masikio wa nyumbani hana leseni

Ndugu zangu, hasa kina mama wenye mabinti, someni hii kabla hamjatuma dipoziti. Kuna jamaa yumo kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Wales, anatoga masikio, anatoboa pua na kuchora tatuu, anafanyia jikoni kwake au anakufuata nyumbani, bei nusu ya dukani na anaongea Kiswahili chetu kwa hiyo watu wanamwamini. Mdogo wangu nilimpeleka mimi mwenyewe, ndo maana naumia.

Alimtoga ile sehemu ngumu ya juu ya sikio kwa bastola ya plastiki, kaitoa kwenye droo ya vijiko, kaifuta na kitambaa basi, hereni ikakwama katikati akaisukuma kwa kidole gumba, glavu hana. Siku ya nne sikio limevimba linatoa usaha, akalazwa, wakampasua, na mpaka leo limejikunja kwa juu. Nesi ndo alinielewesha, kule juu ni gegedu, damu haifiki vizuri, bakteria wakiingia wanaliharibu haraka, na bastola kama ile hata ukitaka kuitia kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu inayeyuka. Wa Newport mnakumbuka 2015, watu walilazwa kwa masikio hayahaya baada ya kutogwa kwenye duka moja la tatuu pale, mpaka wateja wake wakaitwa kupima damu.

Sasa cheti. Tulimuuliza leseni akatutolea karatasi ya kusajiliwa na kaunsili (serikali ya mtaa) moja ya England, ina muhuri, nikaridhika. Kumbe huku haina kazi kabisa! Wales tangu tarehe 29 Novemba 2024 anayetoga au kuchora lazima awe na leseni yake mwenyewe, ya kawaida inadumu miaka 3, na pale anapofanyia pawe na cheti chake pia, yaani karatasi mbili tofauti, na leseni haipati bila kufaulu kozi ya kuzuia maambukizi. Karatasi ya huyu haina hata tarehe ya kuisha, hapo ndo ningeshtuka. Kaunsili wana rejista, pigeni simu mwulize jina lake kabla ya hela.

Na kinachonitisha zaidi anapokea watoto. Mama mmoja kaniambia binti yake wa miaka 15 alitobolewa ulimi palepale jikoni, na huku kumtoboa ulimi aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu Februari 2018, na tatuu kwa umri huo ni marufuku tangu 1969, mzazi akubali asikubali.

Nilipomtumia picha za sikio akanibloku, wiki ileile kaingia grupu lingine kwa jina jipya na namba mpya, picha za kazi ni zilezile. Mimi nimeshamripoti kaunsili, idara ya afya ya mazingira, wanataka na wengine waliofanyiwa, kwa hiyo kama ni wewe au mwanao nifuate inboksi nikupe namba ya kesi. Na mkapime homa ya ini B na C na Ukimwi, msisubiri mpaka muumwe.