Denoise ya Lightroom kwenye picha za ndege wa Ngezi

Ndani ya msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, saa moja ya asubuhi, jua limeshatoka lakini mwanga umenasa juu kwenye vilele vya miti. Chozi wa Pemba, kindege cha sentimita 10 hivi kisichojua kutulia, anataka kasi ya shata isiyopungua 1/800 ya sekunde. Lenzi ya milimita 150-600 ikivutwa mpaka mwisho haifunguki zaidi ya f/6.3. Kwa hesabu hiyo utaangukia ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) ya 6400 au hata 12800, na picha itakuja na chenga tele, yaani vidoa vya ovyo, khasa kwenye vivuli na kwenye majani ya nyuma. Kwa hali hii, Denoise, zana ya kuondoa chenga iliyoingia ndani ya programu ya kuhariri picha ya Lightroom Classic Aprili 2023, ndiyo tunayoipendekeza kwanza, ila kiwango ukipange mwenyewe.

Inataka faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata. Ukipiga JPEG, kamera imeshazipiga pasi chenga pamoja na manyoya, na Denoise haina pa kushika. Iendeshe mapema, kabla ya kufuta vijiti na kabla ya kuweka maski za kuteua ndege, la sivyo maski hizo zitataka kutengenezwa upya. Fungua sehemu ya Detail, ikuze picha mpaka asilimia 100, kisha elekeza dirisha la mfano kwenye jicho na shingo ya ndege. Wengi huliacha kwenye majani yaliyo nje ya fokasi, wakafurahia ulaini, na uharibifu wa shingoni wakaja kuuona picha ikishachapwa.

Programu yenyewe hukuwekea kiwango cha 50. Kwa ISO 1600 hicho ni kingi. 20 hadi 30 inatosha. Kwa ISO 6400 tunakaa kati ya 35 na 50. Juu ya 12800 unaweza kufika 60, na hapo ndipo pa kuchunga. Chozi dume wa Pemba ana kichwa na mgongo wa kijani kinachometa, na mmeto huo umejengwa na vijidoa vidogo vidogo vya mwanga kwenye ncha za manyoya. Kwa 75 vijidoa vinaungana, na shingo inageuka kama plastiki iliyopakwa rangi. Bundi wa Pemba naye ana michirizi myembamba juu ya rangi ya kahawia yenye wekundu. Programu ikishindwa kutofautisha mchirizi na chenga, ama inaufuta, ama inachora mstari ambao ndege hana. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana picha inapendeza na bado ni ya uongo. Kwa anayepiga picha ili kutambua aina ya ndege, ni bora chenga kidogo zibaki.

Denoise hufanya kazi kwa kiwango kimoja picha nzima. Basi ipe kiwango cha kumfaa ndege, halafu teua ndege kwa maski, igeuze ishike mandhari ya nyuma, na hapo uongeze kitelezi cha Noise mpaka 30 au 40. Kagua miguu na mdomo kwa macho: ndege akiwa katikati ya mizizi ya mikoko, maski hukata kidole cha mguu au ikabeba kijiti kisichohusika. Rekebisha kwa brashi.

Ukali uje mwisho. Kwenye Sharpening, kitelezi cha Amount kiache karibu na 40, kisha shikilia kitufe cha Alt huku ukiongeza Masking mpaka mandhari yote yawe meusi na mistari ya manyoya tu ndiyo ibaki nyeupe. Ukiruka hatua hii, utazirudisha zile zile chenga ulizoziondoa.

Kompyuta ndiyo gharama iliyojificha. Kazi yote inafanyika ndani ya mashine yako, hivyo bando halitumiki kusafirisha picha, lakini kadi ya michoro ndiyo inayobeba mzigo. Yenye kumbukumbu ya GB 8 itamaliza picha kwa sekunde kadhaa. Kompyuta mpakato ya ofisini inaweza kuchukua dakika nyingi kwa picha moja. Chagua kwanza picha 5 zilizo bora, usizitumbukize picha zote za kadi ya kamera. Matoleo ya mwanzo ya Denoise yalikuwa yakizalisha faili jipya la DNG (aina ya faili ghafi), kubwa kuliko la asili, na diski zikijaa upesi. Tangu katikati ya 2025 toleo jipya halifanyi hivyo.

DxO PureRAW ni mshindani wa kweli: unainunua mara moja badala ya kulipa kila mwezi kama Lightroom, na huondoa chenga sambamba na kuyafasiri mafaili ghafi. Hakikisha kamera yako imo kwenye orodha yake kabla ya kutoa pesa. Asiye na uwezo wa kulipa atumie darktable, ya bure kabisa, yenye moduli inayopunguza chenga kwa kufuata aina ya kamera na ISO. Haifiki ubora wa hizo mbili kwenye ISO 12800, lakini kwa 3200 inatosha sana.

Kuna kasoro ambazo hakuna programu kati ya hizi itakayozitibu. Picha iliyopigwa giza kisha ikaongezwa mwangaza vituo viwili (yaani mara nne) kwenye kompyuta huwa na chenga mbaya kuliko iliyopokea mwanga wa kutosha tangu mwanzo, kwa sababu mwanga uliokikosa kihisio cha kamera haurudi. Na ndege aliyetikisika hubaki ametikisika, ila safi.

Tazama pia picha inakwenda wapi. Ya kutuma kwenye simu, ukiipunguza mpaka pikseli 2048 upande mrefu, chenga nyingi huyeyuka zenyewe, na Denoise ya 20 yatosha. Ya kuchapa A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 4961 kwa 3508. Hapo kila unyoya utaonekana, basi jaribu kwanza kwa kuchapa kipande cha shingo peke yake.