Paneli nane za sola, stringi mbili zisizolingana: huduma ya marekebisho niliyopata Dodoma

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nikiilaumu betri. Nyumba yangu ina paneli nane, nne za wati 330 nilizoanza nazo na nne za wati 550 nilizoongeza baadaye, lakini hata saa sita mchana, jua likiwa la utosi, inveta haikuwahi kuonyesha zaidi ya wati 1,900, na ikifika saa nne usiku friji huwa imeshazima.

Fundi niliyemwita safari hii, ambaye kwanza nilimwomba anionyeshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hakuigusa betri kabisa. Alipanda juu ya paa, akafuata nyaya paneli baada ya paneli, kisha akashuka na mchoro aliouchora nyuma ya kipande cha boksi. Aliyefunga mfumo mwanzoni alikuwa ameunda stringi (msururu wa paneli zilizounganishwa moja baada ya nyingine) moja ya paneli tano na nyingine ya paneli tatu, kila moja ikichanganya kubwa na ndogo, halafu akaziunganisha kwa sambamba kwenye ingizo moja la inveta. Ingizo la pili, lenye MPPT yake (kidhibiti kinachotafuta volti ambayo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi), lilikuwa bado na kifuniko cha kiwandani.

Nilielewa zaidi aliponipimia kwa multimita. Zikiwa zimetenganishwa, stringi ndefu ilisoma volti 222 na fupi volti 131. Zikifungwa pamoja hulazimika kufanya kazi kwa volti moja, kwa hiyo ile ndefu huvutwa chini, mbali na kiwango ambacho ingetoa nguvu zake zote. Hasara nyingine ilikuwa ndani ya kila stringi, kwa kuwa paneli zilizo kwenye mfululizo hupitisha mkondo uleule, na paneli kubwa yenye uwezo wa ampea 13 hubanwa na jirani yake asiyefika ampea 9.

Kabla ya kuchomoa konekta yoyote alizima inveta na kukata swichi ya DC, akinieleza kwamba cheche ya umeme wa sola haizimiki kirahisi kama ya umeme wa TANESCO. Paneli kubwa zote nne zikaenda ingizo la kwanza na ndogo nne ingizo la pili. Konekta mbili za aina tofauti zilizokuwa zimelazimishwa kuingiana, moja ikiwa imeanza kuyeyuka, zilibadilishwa.

Nililipa shilingi 180,000 za ufundi na 24,000 za konekta, bila kununua paneli hata moja. Mchana uliofuata nilisoma wati 2,870.

Nampa nyota nne. Alichelewa siku mbili bila kupiga simu, na ingawa aligundua kwamba fremu za paneli hazina waya wa ethi, aliiacha kazi hiyo kwa safari nyingine, ambayo bado naisubiri.