Kusaka vikasha Mikindani kwa OsmAnd: uzoefu wangu

Mimi ni mlezi wa skauti hapa Mtwara. Jumamosi moja kila mwezi huwaandalia vijana msako wa vikasha, ule mchezo wa kutafuta kwa GPS vitu vilivyofichwa, ambao wenyewe huko nje huuita jiokashingi. Ulianza Mei 2000. Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kesho yake tu mtu mmoja wa Oregon akaficha ndoo msituni, akatangaza kodineti zake, yaani namba za mahali ilipo, intanetini. Sisi ndoo hatuna. Tunatumia makopo ya siagi, ndani daftari na penseli, na kila anayelipata kopo anaandika jina.

Kupanga misako natumia OsmAnd, programu ya ramani, toleo la bure, kwenye simu ya Android ambayo kioo chake kimepasuka pembeni. Kilichonivuta ni kwamba ukishaipakua ramani ya Tanzania unatembea bila bando kabisa. Pakua ukiwa na waifai, maana faili ni zito, na toleo la bure lina kikomo cha upakuaji, usiuchezee. Ramani yenyewe ni ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo barabara kubwa na majengo mengi nimeyakuta, lakini njia za miguu za nyuma ya Boma la Mikindani, lile la Wajerumani la 1895, nyingine nimezirekodi mwenyewe kwa kutembea huku simu ikiandika nyayo zangu, kisha nikazihifadhi kama faili la GPX, aina ya faili la kutunzia njia. Hapo ndipo programu hii iliponinunua moyo. Usiku nakaa barazani, nafungua nyayo zangu, naweka alama kila ninapotaka kufukia... hapana, kuficha, kufukia hakuruhusiwi. Kisha napima kutoka kopo hadi kopo. Sheria za geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, zinataka mita 161 kati ya kikasha na kikasha. Vyetu hatujavisajili, ila naifuata, la sivyo vijana wanapata kopo la tatu wakiwa bado wanagombania la pili.

Menyu zake lakini! Zimejaa kama kabati la fundi cherehani. Wiki ya kwanza nilikuwa nakitafuta kipimo cha umbali mpaka chai inapoa.

Sasa kosa langu. Mlezi mwenzangu wa Lindi alikuja kutufichia kopo la majaribio, akanitumia kwa meseji latitudo ya kusini 10° 16.450'. Hizo ni dakika zenye desimali (dakika hapa ni sehemu moja ya sitini ya digrii), ndivyo wachezaji wa mchezo huu wanavyoandika. Mimi nikaingiza dakika 16, sekunde 45. Dakika 16.450 ni dakika 16 na sekunde 27. Nilizidisha sekunde 18, na kila sekunde ni kama mita 31 ardhini, kwa hiyo nilikwenda zaidi ya nusu kilomita kusini ya kopo, nikaibukia katikati ya shamba la mikorosho. Na ulikuwa msimu wa korosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini kwenye mikorosho yangu?"

"Natafuta kopo, bibi."

Akaniangalia mimi, akauangalia mfuko wangu, akamwita mjukuu wake. Nilifunguliwa mfuko, yakaonekana madaftari na penseli, tukacheka, nikapewa na maji ya kunywa. Tangu siku hiyo kabla ya kuingiza namba yoyote naingia kwanza kwenye mipangilio kuona programu inasoma kodineti kwa mtindo gani.

Kitu ambacho ramani haikuniambia ni maji. Nilichora njia nzuri ya ufukweni, ikapita pembeni ya mikoko, kwenye kioo inaonekana nchi kavu safi. Tumefika na vijana kumi na wawili, njia haipo, ni bahari mpaka kwenye mizizi. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona nyavu akatuonea huruma: "Mwalimu, simu yako haina mwezi? Leo bamvua." Kweli, usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu, na hapo ndipo maji hujaa sana. Tulisubiri maji yapwe, tukala mihogo ya kukaanga, na kopo namba nne tukalipata baadaye. Sasa kila alama ya ufukweni naiandikia maelezo "maji kupwa tu", na tarehe za misako nazipanga kwa kalenda ya mwezi kwanza, ramani baadaye.

Jambo jingine dogo kwa wenye ramani za karatasi za zamani za 1:50,000: zimetumia mfumo wa kodineti uitwao Arc 1960, GPS inatumia mwingine, WGS84. Ukihamisha namba bila kugeuza, unakosea karibu mita 300.

Ningeipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye menyu.

Likizo ijayo nataka kuwapeleka Lindi hadi Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosauria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Njia nimeshaichora, na programu imenikadiria muda wa safari. Nilipomsomea muda huo dereva mmoja wa bodaboda wa Lindi, akacheka, akaniuliza mvua zimeanza au bado.