Kadi ya CHF iliyoboreshwa: inatufaa mpaka tunapofika kwenye dirisha la dawa

Familia yetu haina mwajiri. Mume wangu ni fundi ujenzi na mimi nashona nguo nyumbani, katika mji mdogo wa mkoa wa Morogoro, na kwa miaka kadhaa sasa kinga yetu pekee dhidi ya gharama za matibabu imekuwa kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, tunayoilipia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita.

Uandikishaji haukutusumbua hata kidogo. Afisa mwandikishaji alikuja nyumbani na simu yake, akatupiga picha mmoja mmoja mbele ya ukuta wa jiko kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mwanga, akajaza majina yetu na kazi ikaisha.

Kwa huduma za ngazi ya chini, kadi hii inalipa kuliko thamani yake. Mwanangu wa pili, anayesoma darasa la nne, ana pumu, na amekwishavuka umri wa msamaha wanaopewa watoto chini ya miaka mitano. Bila kadi, kila anapobanwa kifua ningelipia kumwona daktari na kila kipimo. Kwa kadi, silipi chochote kati ya hivyo, na akihitaji uangalizi mkubwa zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya na hata hospitali ya rufaa ya mkoa. Wapo wanaolalamikia sharti la kupitia ngazi moja baada ya nyingine. Mimi naliona la haki, kwa sababu bila hilo sote tungejazana hospitali ya mkoa kwa mafua.

Tatizo liko kwenye dawa. Katika kituo tunachokitumia, mhudumu wa dirishani huweka alama ya vyema kwenye karatasi mbele ya dawa zilizopo, na zile zisizo na alama mgonjwa hujinunulia mwenyewe. Vidonge vya pumu hupata alama mara nyingi, lakini dawa ya kuvuta, ambayo ndiyo hasa inayomfungua mtoto kifua usiku, kwa kawaida haipati. Hapo natoka nje na kuinunua kwa fedha taslimu katika duka lililo ng'ambo ya barabara, kana kwamba sina bima.

Jirani yangu ni mwalimu na ni mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ambako mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri. Yeye akikosa dawa hospitalini hupewa fomu aende nayo kwenye duka la dawa lenye mkataba na mfuko wake. Najua kwamba mchango wangu ni mdogo sana ukilinganishwa na wake, wala sidai kulazwa chumba cha peke yangu. Ninachodai ni kwamba dawa iliyoandikwa na daktari wa serikali ipatikane kwa kadi iliyoidhinishwa na serikali.

Mfuko huu ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001, na serikali iliahidi kuongezea michango ya wanachama kwa utaratibu wa tele kwa tele, yaani kuweka kiasi sawa na kile wanachochangia. Hata hivyo, mfuko wa hiari huwavutia zaidi wale ambao tayari ni wagonjwa, huku wazima wakisubiri waugue kwanza, na mfuko wa namna hiyo hauwezi kununua dawa za kutosha hata ukisimamiwa na malaika. Ndiyo maana naiunga mkono Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayomtaka kila mkazi awe na bima na kuwawekea wasio na uwezo vyanzo vya fedha kama ushuru wa vinywaji na vipodozi. Lakini ikitoa kadi kwa kila mtu bila kuiunganisha na maduka ya dawa yenye leseni, tutakuwa tumeongeza idadi ya watu kwenye foleni ya dirisha lilelile.

Kadi yetu nitaihuisha muda wake ukiisha. Kwa kaya yenye watoto wa shule na isiyo na mshahara, naipendekeza bila kusita. Ila mwenye ugonjwa wa kudumu aulize kwanza katika kituo chake ni dawa zipi hupatikana, kisha atenge fedha za zile zisizopatikana.